Shusheni Rafu, Mtoto Naye Ni Mwenyeji

Katika mtaa wa Linden Hills, mjini Minneapolis, Marekani, kuna duka la vitabu vya watoto linaloitwa Wild Rumpus. Lilifunguliwa mwaka 1992 na Collette Morgan na Tom Braun. Mlango wake wa mbele umetobolewa mlango mwingine mdogo, wa rangi ya zambarau, kimo cha mtoto. Mtu mzima anafungua wake, mtoto anafungua wake. Duka hilo limejulikana kwa paka na kuku wanaozurura kati ya wateja, na kwa kibanda cha hadithi za kutisha ambacho sakafu yake inaonyesha chini, na huko chini kuna panya. Dari imetengenezwa ionekane kama imepasuka kuelekea angani. Wazo hilo lilitoka kwenye kitabu cha Anne Mazer, The Salamander Room, ambamo chumba cha mtoto kinageuka pori kidogo kidogo. Mwaka 2017 jarida la Publishers Weekly lilikitangaza kiduka hicho kuwa duka la vitabu la mwaka.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hawezi kushangazwa sana na mlango ndani ya mlango. Mageti yetu ya chuma karibu yote yana kale kamlango ka kupitia watu, ili geti zima lisifunguliwe ila gari likija. Wa Minneapolis ulikatwa kwa sababu nyingine: mtoto ajue, kabla hajavuka kizingiti, kwamba humu ndani alikuwa akingojewa.

Picha za maduka ya namna hii zinazunguka sana kwenye simu za wazazi siku hizi. Mzazi anaona upinde wa mvua umetandazwa sakafuni, mti umeota katikati ya rafu, meli ya maharamia imejaa vitabu, na anapata hamu ya kupamba nyumbani kwake. Hamu hiyo ni njema. Ninachogombana nacho ni namna tunavyoiga. Tunachukua rangi na stika, tunaacha kipimo. Na kipimo ndicho kinachowavuta watoto kwenye maduka yale: kila kitu chenye maana kimewekwa pale ambapo mkono wa mtu wa mita moja unafika.

Mita moja sijaibahatisha. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka minne ana kimo cha sentimita 103 hivi, na macho yake yako chini ya hapo. Sasa piga magoti katikati ya sebule yako, usogee taratibu, utazame. Kwanza utakutana na mgongo wa kochi. Ukizunguka, utauona ukingo wa meza ya kioo, ule ambao kila mtoto wa nyumba hiyo ameshaugonga kwa paji la uso. Utaona nyaya za televisheni zikining'inia nyuma ya stendi, spika kubwa iliyotanda vumbi kwa chini, na ile sehemu ya kabati la vioo yenye milango ya mbao, iliyofungwa kwa ufunguo ambao baba tu ndiye anajua ulipo. Glasi za wageni ziko juu. Picha ya harusi iko juu. Kalenda ya benki iko juu. Kama nyumba ina vitabu, navyo viko juu, vimesimama nyuma ya kioo na hati ya kuhitimu pembeni yake. Dari ya jipsamu, iliyokula fedha kuliko kuta zote nne, ina ngazi tatu na taa za buluu zinazowashwa sikukuu. Mtoto haoni hata kimoja kati ya hivyo mpaka abebwe.

Sebule zetu zimepimwa kwa mgeni aliyeketi. Ndivyo tulivyolelewa, na ukarimu haujawahi kuwa kosa. Lakini mgeni anakuja Jumapili, mtoto yupo wiki nzima, na wiki nzima anaambiwa ashuke kwenye kochi, asivute kitambaa, asiisogelee meza. Halafu tunashangaa kwa nini akipewa simu anajikunyata nayo chumbani saa tatu nzima. Simu ndicho kitu pekee ndani ya nyumba kinachomtosha mkononi na kumfungukia bila kuomba ruhusa.

Tazama duka la Kid's Republic la Beijing, lililofunguliwa mwaka 2005 na Poplar, kampuni ya Kijapani inayochapisha vitabu vya watoto. Msanifu wake, Keiichiro Sako, alitandaza utepe wa rangi za upinde wa mvua unaoanza sakafuni, ukapanda ngazi, ukageuka kuwa ukuta. Utepe huo ndio unaopigwa picha. Kwangu mimi, kazi kubwa ya Sako ni matundu. Kwenye ukuta wa rafu aliacha matundu ya duara, makubwa kwa madogo, ambamo mtoto anaingia mzimamzima na kitabu chake, anakunja magoti, anasoma. Mama anaweza kuchungulia. Kuingia hawezi.

Mtoto anapenda mahali ambapo yeye anawaona wote, na wao wanamwona nusu. Wala hatuhitaji msanifu wa Kijapani atufundishe hilo. Mvua ikinyesha Jumamosi mchana, watoto wako watakuonyesha: viti viwili vinageuziana migongo, khanga ya mama inatandazwa juu, mto unaburutwa ndani, na jumba limekamilika. Wakicheza kombolela, wa kwanza anakimbilia nyuma ya pazia, wa pili chini ya meza ya chakula, wa tatu yumo ndani ya kabati la nguo anabana kicheko. Usanifu wanao. Kazi yetu wakubwa imekuwa kuubomoa kila jioni kwa amri ya "hebu toeni hayo matakataka hapo!"

Kwa hiyo ukitaka kuiga jambo moja tu kutoka maduka hayo, iga tundu. Nyumba nyingi zinazojengwa sasa zina kabati la ukutani chumbani. Ng'oa mlango mmoja wa sehemu ya chini, ondoa viatu, weka kipande cha godoro la zamani kilichoshonewa foronya ya kitenge. Mwenye ghorofa ana uvungu wa ngazi, ambao kwa kawaida ni makao ya ndoo, fagio na baiskeli isiyo na mnyororo. Aliyepanga chumba kimoja, na hao ndio wengi mjini, ana pembe nyuma ya mlango. Khanga moja kwenye kamba inatosha kuifanya pembe hiyo iwe na mwenyewe. Chini weka mkeka. Najua picha za Ulaya zinaonyesha mazulia yenye manyoya marefu, lakini zulia la aina hiyo katika joto la Dar ni shamba la vumbi na mafua. Mkeka wa ukili unapoa, unakung'utwa, na ukimwagikiwa uji unafutwa.

Pwani, ukuta wenyewe ulishawahi kutufanyia kazi ya rafu. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina zidaka: vishubaka vya plasta ya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu katika chumba cha ndani, vingine vikifunika ukuta mzima. Humo vilipangwa vyombo vya kaure kutoka China, vikitazama mbele, kila kimoja kikiwa na fremu yake iliyonakshiwa. Toa sahani, weka kitabu cha picha, una rafu bora kuliko nyingi ninazoziona zikiuzwa barabarani. Kuta zetu za tofali za inchi sita hazina unene wa kuchonga kidaka, lakini seremala anaweza kuunda fremu ya vidaka vya mbao, kina cha kiganja tu, na kuipigilia chini ya dirisha. Ningefurahi kuiona nyumba moja ya kisasa Mbezi au Nyali ikifanya hivyo badala ya kubandika ukutani karatasi yenye picha ya matofali. Tofali halisi liko nyuma yake!

Kitabu kutazama mbele ni jambo dogo lenye uzito. Mtoto ambaye hajajua kusoma hawezi kukitambua kitabu kwa mgongo wake. Anamtambua fisi aliye kwenye jalada, anamtambua bibi mwenye kitenge chekundu, na hapo anasema "nataka hiki". Wenye maduka wanalijua hilo na wanaligharamia, kwa sababu nafasi ya jalada moja lililotazama mbele ingebeba vitabu vingi vilivyosimama ubavu. Hawawezi kuvipa vitabu vyote heshima hiyo. Wewe unaweza, maana huna maelfu. Una vitabu ishirini? Toa nane, vingine viweke kwenye boksi juu ya kabati, na baada ya wiki kadhaa vibadilishane zamu. Kile kilichokuwa kimemchosha kitarudi kama kigeni.

Hapa huwa naambiwa kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi, wenye chumba cha mtoto peke yake na pesa za kuchezea. Nakataa, na historia inanisaidia. Tarehe 6 Januari 1907 daktari Maria Montessori alifungua Casa dei Bambini katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, ndani ya jengo la kupanga la familia za vibarua. Wazazi wakishaondoka kwenda kazini, watoto walibaki wakichezea ngazi na kuharibu kuta, na wenye jengo walitaka mtu wa kuwaangalia. Montessori aliwaagizia meza na viti vyepesi ambavyo mtoto anaweza kuvibeba, na makabati mafupi ambayo wanayafungua wenyewe na kurudisha vitu wenyewe. Kile kiti kidogo na ile rafu ya chini vinavyouzwa leo kwa bei ya kutisha kwenye maduka ya vitu vya watoto vilianza kutumika hivyo kwa watoto wa mafundi na madobi. Umaskini haukuzuia kipimo. Mbao fupi ni rahisi kuliko ndefu.

Wenye pesa nao wana kosa lao. Mwaka 2016, mjini Hangzhou, China, kampuni ya usanifu ya X+Living ilibuni duka la Zhongshuge ambalo sehemu yake ya watoto ni uwanja mzima wa michezo: rafu zenye umbo la treni ya kupanda na kushuka, maputo ya angani, meli. Linapendeza kweli, na mtoto anayepita humo saa moja kwa mwezi atalikumbuka. Sasa jaribu kulala humo kila siku. Baadhi ya vyumba vya watoto ninavyoonyeshwa vina malkia wa barafu kwenye pazia, huyohuyo kwenye shuka, kwenye ndoo ya nguo chafu, kwenye saa ya ukutani na kwenye swichi ya taa. Mwaka 2014 Anna Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha jaribio waliloliendesha kwa watoto 24 wa chekechea, wakiwafundisha katika chumba kimoja, mara kuta zikiwa zimejaa mapambo, mara zikiwa tupu. Kuta zilipojaa, watoto walikuwa nje ya somo asilimia 38.6 ya muda. Zilipokuwa tupu, asilimia 28.4, na wakaelewa zaidi. Lile lilikuwa darasa, nyumbani hakuna somo la saa mbili asubuhi, lakini funzo linatosha kwa mwenye kopo la rangi mkononi. Pamba pembe moja ipasavyo, kuta nyingine ziache zipumzike. Upande wa kitanda hasa uwe mtupu.

Ipi ipambwe, na kwa nini? Hapa maduka yale yana siri nyingine: yamejengwa kutoka ndani ya hadithi. Pete Cowdin na Deb Pettid, waliokuwa na duka la Reading Reptile huko Kansas City, Marekani, walilisukuma wazo hilo mbali zaidi; mwezi Machi 2024 walifungua jumba la makumbusho la vitabu vya watoto, The Rabbit hOle, ambamo mtoto anatembea ndani ya kurasa zilizojengwa kwa ukubwa wa kuingilika. Mhusika wa dukani anauzwa kila mahali, kila mtoto anaye. Hadithi inayosimuliwa nyumbani kwenu ni yenu.

Na sisi hatujapungukiwa hadithi zenye umbo. Ile ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliiandika Zanzibar na kuichapisha mwaka 1870 pamoja na nyingine nyingi, ina mkuyu juu ya maji, papa anayempakia kima mgongoni, na kima anayejiokoa kwa kudai kwamba wao mioyo yao huiacha nyumbani, imetundikwa mitini. Tafuta tawi kavu lenye vijitawi, lisimamishe kwenye kopo la rangi lililojaa kokoto, tundika mioyo ya vitambaa vyekundu vilivyobaki kwa fundi cherehani. Chini yake tandika khanga ya buluu, hiyo ndiyo bahari. Au chukua Abunuwasi alipoamriwa na sultani kujenga nyumba angani, akarusha tiara lenye kengele, watu wakasikia mlio wakadhani mafundi wako kazini. Matiara matatu ya karatasi na vijiti vya chelewa, yaning'inie kutoka darini juu ya mkeka wa kusomea, kengele moja ndogo mkiani. Mtoto akiuliza ni ya nini, msimulie. Mapambo yanayoulizwa swali kila mgeni mdogo anapoingia yana kazi. Stika haiulizwi na mtu.

Nilipopeleka kipimo changu kwa seremala mmoja wa Keko, alikitazama kile kikaratasi, akakigeuza, akanitazama mimi.

"Dada, hili ni kabati au kigoda?"

"Rafu ya vitabu, fundi. Ya mtoto."

"Fupi hivi? Si atavichana vyote?"

Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo linalozifanya nyumba nyingi ziweke vitabu juu. Atavichana, ndiyo, viwili vitatu vya mwanzo. Gundi ipo na selotepu ipo. Kitabu kilichochanika baada ya kufunguliwa mara mia kimefanya kazi kuliko kile kilichobaki kizima nyuma ya kioo mpaka mwenyewe akaanza sekondari. Fundi alicheka, akachomoa penseli sikioni, akaniongezea jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: ukingo wa mbele wa sentimita chache, kitabu kisiteleze, na kona zote zipigwe randa ziwe za duara.

Mengine ni ya usalama na yasiachwe. Rafu yoyote, hata fupi, ifungwe ukutani kwa kikono cha chuma na skurubu, kwa sababu mtoto hupanda kila kinachopandika. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliyarudisha kutoka sokoni Marekani makabati ya droo yapatayo milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo. Rangi nayo uulize. Rangi yenye risasi inaathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni; kopo lisilo na jina la kiwanda wala alama ya ubora liache dukani hata kama ni la bei poa. Anayeishi karibu na bahari aache nafasi ya vidole viwili kati ya rafu na ukuta, hewa ipite, maana masika ya pwani yanaotesha ukungu kwenye karatasi ndani ya wiki. Pembe ya kusomea iwe karibu na dirisha. Taa za buluu za jipsamu hazimsomeshi mtu.

Halafu kuna vitabu vyenyewe, ambavyo ajabu ndivyo vinavyosahaulika kwenye mipango hii. Nimeona pembe za kusomea zenye kila kitu isipokuwa cha kusoma. UNICEF inapopima mazingira ya mtoto mdogo katika tafiti zake za kaya, huuliza kama nyumbani kuna angalau vitabu vitatu vya watoto. Vitatu tu, na bado ni swali linalohitaji kuulizwa. M. D. R. Evans na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010 uliokusanya takwimu za zaidi ya watu 70,000 wa nchi 27, walikuta kwamba waliokulia kwenye nyumba zenye vitabu 500 walisoma shule kwa wastani wa miaka mitatu zaidi ya waliokulia kwenye nyumba zisizo na kitabu, hata baada ya kuzingatia elimu na kazi za wazazi. Usitishwe na hiyo 500. Utafiti huohuo unaonyesha kwamba vile vya mwanzo ndivyo vyenye faida kubwa; kutoka sifuri kwenda ishirini ni hatua ndefu kuliko kutoka mia kwenda mia na ishirini.

Na bei isiwe kisingizio. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini umeweka kwenye intaneti hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kuzichapa. Steshenari yoyote yenye printa ya rangi itakutolea moja, utaibana kwa stepla, utaipa jalada gumu la boksi, na mtoto mwenyewe ataandika jina lake nyuma. Vitabu vya wachapishaji wetu, Mkuki na Nyota na E&D Vision kwa mfano, navyo vinastahili kununuliwa kabla hatujalalamika kwamba hakuna vitabu vya Kiswahili vya watoto.

Kwa hiyo mwezi ujao ukienda kwa fundi kuagiza stendi mpya ya televisheni, mwambie akukatie na rafu ya mtoto kwenye mbao zitakazobaki. Ubao wa juu usizidi sentimita 90 kutoka sakafuni, ukingo uwe mbele, kona ziwe za duara. Na kabla hujamlipa, mpeleke mtoto akajaribu mwenyewe kama anaifikia.